Kambi ya vijana wa Simiyu ihamie ziwani

Kutoka Bariadi mjini hadi Lamadi ni kilomita 72 hivi za lami. Anayepanda gari la asubuhi stendi ya Bariadi huwa ameliona Ziwa Victoria kabla ya chai ya saa nne. Pamoja na ukaribu huo, vijana wengi wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu wanalifahamu ziwa kwa kile kinachofika sokoni: dagaa wa kupimiwa kwa sado, sato wa kubanikwa, kayabo inayolowekwa usiku kucha ili chumvi ipungue. Ziwa lenyewe, lenye kilomita za mraba 68,800 na ambalo zaidi kidogo ya nusu yake iko Tanzania, limebaki kuwa la watu wa Busega.

Jambo hilo lina historia yake. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, wilaya zake nyingi zilitoka Shinyanga, nchi ya ng'ombe, pamba na mbuga za udongo mweusi. Busega ndiyo iliyomegwa kutoka Magu, mkoani Mwanza, ikaja na ufuko wake kwenye Ghuba ya Speke. Mkoa ukapata ziwa kwenye ramani, na wakazi wake wengi wakaendelea kuchota maji na kunywesha mifugo kwenye malambo kama zamani.

Likizo ya Juni inapokaribia, vikundi vya vijana vya makanisa, misikiti, shule na skauti huanza kutafuta mahali pa kupiga kambi. Mara nyingi jibu huwa ni uwanja wa shule fulani: maturubai mawili, spika, semina tangu asubuhi hadi jua kuzama. Hakuna ubaya. Lakini kijana aliyekaa darasani miezi mitano hapumziki kwa kuhamishiwa darasa lisilo na kuta. Apelekwe Busega, na apelekwe na ndoano.

Simiyu haihitaji kufundishwa kupiga kambi. Wakati Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa, kati ya 2016 na 2021, mkoa ulijulikana nchi nzima kwa kambi za kitaaluma: wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa wakati wa likizo, wakalala pamoja, wakala pamoja na kufundishwa na walimu waliotolewa shule mbalimbali. Mtu anaweza kubisha kama kupigishwa maswali ya mitihani wiki nzima ndiyo elimu, na kubisha huko kuna haki yake. Lisilobishika ni kwamba mkoa ulijifunza kupanga magodoro, sufuria, matroni, mlinzi na zahanati kwa ajili ya vijana wengi kwa pamoja. Ujuzi huo usiishie kwenye karatasi za mitihani.

Na kabla ya hizo kulikuwa na nyingine. Waadventista, ambao wamisionari wao wa kwanza walifika Usukumani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wana makambi yao ya kila mwaka, na vijana wao wa Watafuta Njia hufundishwa kufunga mafundo, kusimika hema na kupika nje. Skauti nao wana asili ya majini kuliko wengi wanavyokumbuka: kambi ya majaribio ya Robert Baden-Powell, Agosti 1907, ilifanyika kisiwani Brownsea, kusini mwa Uingereza, ikiwa na wavulana wapatao 20. Mzee huyo alikuja kufariki Nyeri, Kenya, mwaka 1941, na kaburi lake liko huko. Hata bila wageni hao, vijiji vya Kisukuma vilikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana aliyesimamia makundi ya kazi yaitwayo elika, vijana wakilima kwa zamu mashamba ya wenzao na kula pamoja baada ya jembe. Kumpa kijana wa miaka 17 madaraka juu ya wenzake si fikra ngeni Usukumani.

Kinachokwamisha ni hofu ya maji. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Kanda ya Ziwa haijasahau Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, wala Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka jirani na Ukara na zaidi ya watu 220 kupoteza maisha. Mzazi wa Itilima akisikia neno "ziwa" anayaona majeneza yale yaliyopangwa uwanjani. Akiambiwa mwanawe ataingia kwenye mtumbwi, jibu ni moja.

Ila mzazi huyo huyo ana lambo nyuma ya nyumba. Watoto wa wafugaji hufa maji kwenye malambo, kwenye mashimo yaliyochimbwa mchanga au kokoto yakajaa mvua, na kwenye mito ya msimu inayokuja ghafla wakati juu yao anga ni jeupe. Kumzuia mtoto asifike ziwani hakumwokoi na maji. Kunamwacha ayakute siku asiyoitarajia, akiwa peke yake na ng'ombe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kati ya mambo linayoshauri ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule kuogelea na kujihami majini, pamoja na kuwafundisha watu wa kawaida kumwokoa anayezama bila wao kuzama.

Nchi iliyolifanyia jambo hili kazi kwa bidii ni Bangladesh. Kwenye vijiji vyake vyenye madimbwi kila upande, walijenga majukwaa ya mianzi ndani ya madimbwi hayo hayo, maji yakimfika mtoto kifuani, wakawafundisha watoto kuelea, kuogelea mita kadhaa na kumrushia mwenzao kamba. Utafiti uliofuatilia watoto waliopitia mafunzo hayo uliona kwamba vifo vya maji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 vikilinganishwa na vya watoto ambao hawakufundishwa. Hapakuwa na bwawa la vigae wala kocha wa kulipwa mshahara mnono. Ilikuwa mianzi, kamba na vijana wa kijijini waliopewa mafunzo.

Karibu zaidi na nyumbani, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwafunika mwili mzima, mahali ambapo kwa muda mrefu bahari ilihesabiwa kuwa ya wavulana. Mfano huo una maana kubwa kwa Simiyu, ambako msichana ndiye anayetumwa maji kila siku na ndiye wa mwisho kuruhusiwa kwenda kambini. Kambi ya uvuvi isiyo na hema la wasichana, matroni wanayemwamini na choo chenye mlango isifanyike kabisa.

Basi tuseme ruhusa imepatikana na lori limefika Busega. Kuna adui anayefika kabla ya mamba, naye ni jua.

Juni na Julai usiku wa Simiyu hubaridi, na hilo huwadanganya waandaaji. Mchana jua la karibu na ikweta, kwenye nchi iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, halina huruma, na maji ya ziwa hulirudisha usoni mara ya pili. Septemba na Oktoba ni kali zaidi, joto likipita nyuzi 30 huku mvua zikisubiriwa. Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa duniani, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa zama za kabla ya viwanda, kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Ratiba iliyonakiliwa kutoka kambi ya mwaka 2005 haifai tena.

Ratiba yenyewe igeuzwe. Saa kumi na moja alfajiri watu wawe macho, saa kumi na mbili ndoano ziwe majini. Saa nne kila mtu arudi kivulini. Kati ya hapo na saa tisa na nusu alasiri hakuna kukimbia, hakuna mpira, hakuna gwaride. Ni muda wa kulala, kushona nyavu, kukaangiza, kusimulia. Anayetaka kuhubiri ahubiri wakati huo, chini ya mti. Maji ya kunywa yagawiwe kwa saa, maana kijana akisubiri kiu imwambie anakuwa amechelewa. Na viongozi wajue kitu kimoja kwa moyo: mtu aliyechoka na jua ambaye ameanza kusema maneno yasiyoeleweka au kuyumba ni mgonjwa wa dharura. Anawekwa kivulini, anamwagiwa maji, anapepewa, gari linawashwa kuelekea hospitali. Panadol si jibu.

Mchana ule ule wa joto una mtego mwingine, na huu haupigi kelele. Vijana wakichemka saa sita watataka kujitupa majini. Huo ndio wakati ambao vimelea vya kichocho vinakuwa vingi kwenye maji ya kando. Vimelea hivyo hutoka kwa konokono mchana, hasa jua linapokuwa kali, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache bila kuuma. Ziwani hutawala kichocho cha tumbo. Bara, kwenye malambo ya Maswa na Itilima, watafiti wamekikuta kichocho cha mkojo, na konokono wake wana ujanja wa kulala ndani ya udongo mkavu kiangazi chote na kuamka mvua ikinyesha. Kwa hiyo kijana wa Bariadi haendi Busega kutafuta ugonjwa asioujua. Amekwisha kuishi nao. Tofauti ni kwamba kambini anaweza kuelezwa.

Maelezo yenyewe ni mepesi. Kuvua kutoka kwenye jabali au mtumbwi ni salama kuliko kusimama kwenye magugu ya ufukoni maji yakiwa magotini. Maji ya kuoga yatekwe, yawekwe kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, maana vimelea hivyo havidumu nje ya konokono zaidi ya muda huo, au yachemshwe. Mazoezi ya kuelea yafanyike asubuhi mapema, mahali palipochaguliwa na wenyeji, mbali na majani na mbali na sehemu wanakofulia watu. Dawa ya prazikwanteli isimezwe siku ya kufunga kambi kwa haraka ya kujikinga, kwa kuwa haiui minyoo michanga. Vipimo na dawa hufaa wiki sita hadi nane baadaye. Mwalimu wa afya wa shule anaweza kuiandika tarehe hiyo kwenye kalenda siku ile ile kambi inapofungwa.

Wapo vijana ambao jua kwao ni suala la maisha. Kanda ya Ziwa ina vijana wenye ualbino, na kambi nyingi huwaacha nyumbani kwa kisingizio cha kuwalinda. Kuwalinda ni kuwapa kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia mionzi. Mafuta ya Kilisun yanatengenezwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi. Ratiba ya alfajiri na alasiri iliyoelezwa hapo juu inawafaa wao kwanza, na usiku wa ziwani ni wao sawa na wengine.

Uvuvi sasa. Hapa ndipo kambi inapoweza kuharibika, kwa sababu kikundi cha vijana chenye njaa ya mafanikio kitakodi kokoro na kuzoa kila kilicho hai. Kokoro limepigwa marufuku, nyavu za timba zimepigwa marufuku, sumu na baruti ni jinai chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Sangara asiyefika sentimita 50 hatakiwi kuvuliwa, wala sato asiyefika 25. Hatua ya kwanza kwa hiyo ni kwa afisa uvuvi wa Halmashauri ya Busega, ya pili kwa viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ya mwalo husika. Wao ndio wanaojua mahali pa kuvulia, kibali kinachohitajika na mvuvi yupi ana subira na watoto.

Mwaka 2018 nchi ilishuhudia Operesheni Sangara. Aliyekuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Luhaga Mpina, wakati huo mbunge wa Kisesa wilayani Meatu, alisimamia ukamataji na uchomaji wa nyavu haramu kuzunguka ziwa. Wapo waliompongeza, wapo waliolia mitaji imeteketea. Waziri yule alitoka kwenye mkoa huu, jimbo lake likiwa upande wa wafugaji, si wa wavuvi, na bila shaka wapiga kura wake wengi walizisikia habari hizo redioni kama za nchi nyingine. Operesheni hukamata wavu. Kijana aliyewahi kumpima sangara kwa rula, akamwona ana sentimita 38 na kumrudisha majini mbele ya wenzake wanaozomea, ana elimu ambayo moto wa ufukoni haukuitoa.

Samaki wa kuanza nao si sangara. Ni furu na sato wadogo wa kando, kwa mshipi, ndoano ndogo na nyungunyungu. Furu ni wadogo, wana miiba, na mpishi huwanung'unikia, lakini wana kisa. Walikuwa wa aina mamia humu ziwani. Baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950 na 1960 na kushamiri miaka ya 1980, inakadiriwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Biashara ya minofu, viwanda vya Mwanza, bei ya mabondo inayowafanya wafanyabiashara wagombane, yote hayo yalisimama juu ya mgongo wa samaki mmoja mgeni. Mvuvi mzee wa Nassa, Busega, anaweza kuyasimulia haya vizuri kuliko kitabu cha kidato cha pili, na kwa malipo ya sukari kilo mbili.

Halafu kuna dagaa, na dagaa ndio wanaolifanya joto kuwa rafiki. Jua lile lile linalowaangusha vijana saa saba mchana ndilo linalokausha mzigo. Dagaa wakianikwa kwenye vichanja, juu ya ardhi, hukauka haraka bila mchanga na bei yao hupanda; wakianikwa chini, walaji hutafuna mchanga. Mvua ikija, mzigo huoza au kuwa chakula cha kuku. Samaki mbichi kwenye joto hili hana hata siku moja: atumbuliwe mara moja, abanikwe, atiwe chumvi au awekwe barafu. Kikundi kilichovua samaki kumi na kuozesha sita kimejifunza hesabu ya uchumi wa ziwa kuliko somo lolote la ujasiriamali, ingawa chakula cha jioni kitakuwa ugali na maharage. Ndiyo maana unga, maharage na michembe vibebwe kutoka nyumbani kana kwamba hakuna samaki hata mmoja atakayeshika ndoano. Mara nyingi hashiki.

Mtumbwi uwe wa mwisho, si wa kwanza. Asiye na jaketi la kujiokolea lenye saizi yake asipande, hata kama ni kiongozi, hata kama ni mchungaji. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi hulichafua ziwa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa wanaolitumia Ziwa Victoria. Usomwe kwa sauti kila jioni. Mvuvi mwenyeji akisema leo hatutoki, mjadala umekwisha. Na kambi isisimikwe kwenye midomo ya mito, wala kwenye njia za viboko, wala isiingie Serengeti au Pori la Akiba Maswa kwa kisingizio kwamba mpaka haukuonekana.

Meatu ni mbali. Kwa kikundi cha Mwanhuzi, safari ya Busega inakula mafuta mengi, na bajeti yao pengine itaishia Mto Simiyu. Si vibaya hata kidogo. Henry Morton Stanley alipoufuata mto huo mwaka 1875 kuelekea ziwani, aliutangaza kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile, na ingawa wengi siku hizi huutaja Kagera, vijana wana haki ya kulijua dai hilo wakiwa wamekaa kwenye mchanga wake. Kiangazi mto hukatika na kubaki madimbwi, watu wakichimba visima mchangani. Kwenye maji kama hayo ndiko wanakojibanza kambale, na kamongo naye ana uwezo wa kujizika topeni na kupumua hewa hadi maji yarudi. Hapo pia tahadhari ya kichocho ni ile ile.

Gharama kubwa kuliko zote ni usafiri, na halmashauri zina malori yanayolala likizo nzima. Kambi za kitaaluma zilionyesha kwamba ofisi ya mkoa ikitaka, gari hupatikana, wafanyabiashara huchangia unga na walimu hujitolea. Kambi sita kwa mwaka, moja kwa kila halmashauri, zenye vijana wasiozidi 40 ili kila kiongozi awajue wake kwa majina, si mzigo wa kuutikisa mkoa. Watakaotaka kuanza Juni ijayo waitazame kwanza kalenda ya mwezi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi hupumzika. Kikundi kinachotaka kuona mzigo ukishushwa alfajiri kipange wiki ya giza. Kinachotaka wavuvi wenye nafasi ya kukaa na kufundisha mafundo, kuelea na kushona nyavu, kifike wiki ya mbalamwezi, na barua kwa afisa uvuvi itangulie mwezi mmoja kabla.